Laptopu ya Ex-UK Haijafa: Historia Fupi ya Chelezo

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft walifunga duka la Windows 10. Hakuna mashine iliyogoma siku hiyo. Kesho yake ukiwasha laptopu pale Ukunda iliwaka vilevile, muziki ukapiga, faili zikafunguka. Kilichoisha ni marekebisho ya usalama ya bure. Yaani nyumba ni ile ile, lakini askari wa getini ameenda likizo na hajasema anarudi lini.

Tangu hapo wimbo ni mmoja: nunua mpya. Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021 na masharti yake: chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambayo kwa upande wa Intel ni kizazi cha nane kwenda juu. Sasa hebu geuza laptopu yako usome jina. HP EliteBook 840 G3 ni kizazi cha sita. G4 ni cha saba. Ni G5 tu ndio inaingia. ThinkPad T480 inaingia, T470 inabaki nje. Nusu ya mabeshte zangu wa kuanzia Diani hadi Msambweni wanahariri video, wanatengeneza biti na wanaandika CV kwenye mashine hizi za ex-UK, na zote zimeambiwa zimezeeka ghafla. Kioo kizima, kibodi nzima, RAM ipo. Karatasi tu ndizo zimeisha muda.

Mimi maoni yangu ni haya: shida yetu kubwa si Windows 10 kufa. Shida ni kwamba wengi wetu hatuwezi kuirudisha mashine yetu wenyewe ikianguka. Na mtu asiyeweza kurudisha mashine yake hajaimiliki, amepanga tu. Ili nieleweke, lazima turudi nyuma kidogo.

Neno lenyewe ni letu

Watu husema bakapu. Sawa, mimi pia nasema. Lakini baadhi ya watafsiri wa programu walichagua neno chelezo, na sisi wa Pwani tunafaa kulipenda kuliko mtu yeyote. Chelezo ni kile kinachoelea: boya la wavu, kipande cha mti mwepesi kinachokaa juu ya maji ili ujue mtego wako uko wapi. Wavu ukizama, chelezo ndicho kinachokuambia pa kuvutia. Muulize mvuvi yeyote wa Gazi au Shimoni kama anaweza kutupa mtego baharini bila alama. Atakucheka. Halafu wewe umetupa miaka minne ya kazi ndani ya diski moja, bila boya, na unalala usingizi.

Zama za CD na dubu mweupe

Zamani kompyuta mpya ilikuja na CD za kuirudisha ilivyokuwa siku ya kwanza. Ukipoteza CD, umepoteza uokovu. Baadaye watengenezaji wakabana matumizi, wakaacha kutoa CD, wakaficha nakala hiyo ndani ya diski yenyewe, kwenye kijisehemu ambacho hukioni. Ujanja mzuri, ila una tundu: diski ikifa, inakufa na dawa yake. Ni kama kuweka ufunguo wa akiba ndani ya nyumba ile ile uliyoifunga.

Katikati ya miaka ya 1990, huko New Zealand, jamaa mmoja aitwaye Murray Haszard alitengeneza programu iliyoitwa Ghost. Badala ya kunakili faili moja moja, Ghost ilipiga picha ya diski nzima: mfumo, programu, mipangilio, kila kitu. Mashine ikiharibika unamwaga picha ile juu yake, inaamka ilivyokuwa. Symantec wakainunua mwaka 1998 na jina la Norton Ghost likasambaa kwa mafundi dunia nzima. Kama ulishawahi kuona fundi akiweka kompyuta kumi za maabara kwa siku moja, zote zikiwa na sura moja, ujue picha ya namna hiyo ilihusika.

Microsoft nao wakaja na System Restore kwenye Windows ME mwaka 2000. Hii hurudisha mfumo nyuma, mpaka kwenye alama iliyowekwa kabla mambo hayajaharibika. Wengi hadi leo wanadhani inarudisha picha na insha zao. Hairudishi. Inashughulikia mfumo, si maisha yako.

Halafu saiba. Kabla ya simu janja, saiba ndiyo ilikuwa intaneti yetu. Kila mteja aliingia na flashi yake yenye virusi, na saiba nyingi duniani zilijikinga na Deep Freeze, programu ya kampuni ya Faronics ya Canada. Alama yake ilikuwa dubu mweupe pale chini kwenye kona ya skrini. Kazi yake ilikuwa rahisi na katili: ukizima mashine na kuiwasha, kila kilichobadilika kinafutika. Virusi kwaheri. Na ile barua ya kuomba kazi mtu aliyoiacha kwenye skrini ya mwanzo, kwaheri pia. Kizazi kizima kilijifunza pale bila mwalimu: mwenye saiba ana chelezo chake, na chelezo hicho hakikujui wewe.

Fundi na fomati

Laptopu za ex-UK zilipofurika ziliingia na tabia yake. Kampuni huko nje hubadilisha mashine baada ya miaka michache, zinasafishwa, zinafika kwetu. Kusafishwa maana yake diski imefutwa, na mara nyingi ile sehemu iliyofichwa ya kujirudishia imefutwa nayo. Unanunua mashine nzuri isiyo na kumbukumbu ya kwao.

Hapo ndipo fundi akawa mfalme. Laptopu ikikwama, jibu ni moja: "Mwanangu, hii tupige Windows upya." Unakubali, unalipa, unarudi jioni. Mashine inang'aa. Folda ya picha za harusi ya dada yako haipo. Simlaumu fundi. Yeye aliombwa kufufua mashine, hakuna aliyemwambia kuna mtu anaishi ndani.

Kuna kitu kimoja ambacho fundi wengi hawakuelezi, na kingekuokolea pesa. Zamani leseni ya Windows ilikuwa kwenye stika iliyobandikwa chini ya laptopu. Jasho na muda viliifuta ile stika mpaka hazisomeki namba. Lakini kuanzia Windows 8, iliyotoka Oktoba 2012, watengenezaji wakubwa walianza kuweka ufunguo ndani ya bodi ya mashine yenyewe. Windows 10 ikaongeza leseni ya kidijitali inayoitambua mashine kwa seva za Microsoft. Kwa hivyo kama laptopu yako ilizaliwa na Windows 10 Pro halali, ukiisakinisha upya Pro ile ile kutoka kwenye faili rasmi la Microsoft, kawaida inajitambua ikishapata intaneti. Huhitaji ile programu ya kuvunja leseni ambayo mtu anakupa kwenye flashi na kukuambia uzime antivirasi kwanza. Mtu akikuambia uzime kengele ya wizi kabla hajaingia, utamfungulia mlango?

Mwaka ambao bei ilionekana

Mei 2017 ndipo dunia ilionyeshwa mashine isiyo na marekebisho wala chelezo inagharimu nini. Kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga faili za watu katika nchi zaidi ya 100 na kudai malipo ya bitcoin. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Microsoft walikuwa wametoa rekebisho la tundu hilo Machi mwaka huo, miezi miwili kabla. Waliopigwa zaidi ni wenye Windows 7 ambao hawakuliweka. Aliyekuwa na nakala safi pembeni alifuta mashine, akarudisha, akaendelea. Asiyekuwa nayo alibaki kutazama skrini nyekundu inayohesabu saa.

Ndio maana sitaki mtu asome hii halafu aseme "mimi nitakaa na Windows 10 yangu hivi hivi". Microsoft waliongeza kipindi cha mwaka mmoja kwa watumiaji wa kawaida, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na kuna njia ya kujiunga bila kulipa kwa kuhifadhi mipangilio yako kupitia akaunti yao. Hiyo ni nafasi ya kujipanga. Isikufanye ulale.

Wingu lina waya, na waya hukatika

Najua wengine mshaanza: "Kwani si niweke tu kwenye wingu?" Tuongee.

Kabla ya 2009, Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, polepole na kwa bei ya kutoa machozi. Mwaka huo waya wa TEAMS kutoka Fujairah ukafika Mombasa, Rais Kibaki akaupokea mwezi wa Juni, na Julai waya wa SEACOM ukaanza kazi. EASSy ikafuata 2010. Yaani wingu lako unaloliona juu limepita chini ya bahari hii hii tunayoogelea. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya, Tanzania na majirani ikawa ya kubahatisha kwa siku kadhaa. Miezi michache nyuma, waya zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu. Ongeza na umeme: Agosti 2023 giza liliikumba karibu nchi nzima. Data yako kule juu ilikuwa salama kabisa, lakini wewe hukuweza kuifikia. Na kama mteja anataka kazi yake leo jioni, hiyo tofauti haikusaidii.

Halafu wenye wingu nao ni binadamu. Machi 2019 MySpace walikiri kwamba wakati wa kuhamisha seva walipoteza nyimbo zilizopakiwa kati ya 2003 na 2015, zaidi ya milioni 50. Waliofikiri MySpace ndiyo ghala lao waliamka hawana albamu. Kama wewe ni msanii wa Kwale na nyimbo zako zipo tu kwenye jukwaa la mtu, soma sentensi hiyo tena.

Hata matajiri hujisahau. Mwaka 1998 kule Pixar mtu aliingiza amri iliyoanza kufuta filamu ya Toy Story 2 kwenye seva. Wakakimbilia nakala zao, kumbe zilikuwa hazifanyi kazi vizuri na hakuna aliyekuwa amezijaribu. Waliokolewa na mama mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa na nakala kwenye kompyuta ya nyumbani kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga na anafanyia kazi huko. Kampuni kubwa ya katuni duniani iliokolewa na ratiba ya mama mwenye mtoto!

Lamu ilivyoifundisha London

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwetu. Msikiti wa Riyadha, Lamu, una hazina ya maandiko ya mkono ya zamani, ya elimu na dini, urithi wa mafunzo yaliyoanzishwa na Habib Swaleh. Karatasi, wadudu, unyevu na chumvi ya bahari si marafiki, hilo kila mtu wa Pwani analijua. Katika miaka ya 2010 mradi ulioongozwa na mtafiti Anne Bang wa Norway, chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, ulipiga picha maandiko hayo. Vitabu vyenyewe vilibaki Lamu, nakala za kidijitali zikaenda London ili dunia isome.

Akili ya kawaida inasema: sasa viko salama, London si ina kila kitu? Basi tarehe 28 Oktoba 2023 wahalifu waitwao Rhysida waliipiga Maktaba ya Uingereza. Mifumo ikazimika. Maktaba ilikataa kulipa, wezi wakamwaga mamia ya gigabaiti mtandaoni. Huduma nyingi zikakaa chini kwa miezi mingi, pamoja na zile kurasa za nyaraka zilizo hatarini. Mtu aliyetaka kusoma andiko la Lamu kupitia London alikutana na ukurasa wa kuomba radhi. Na Lamu? Vitabu vilikuwa rafuni, vimetulia, havina habari.

Tazama kilichotokea hapo. Nakala ilitengenezwa ili iokoe asili, na siku mbaya ilipofika asili ndiyo ikawa chelezo cha nakala. Halafu maktaba wenyewe, kwenye ripoti yao ya Machi 2024, walieleza kwamba nakala salama za makusanyo yao ya kidijitali walikuwa nazo. Kilichowachelewesha ni kukosa mitambo inayofaa ya kuzirudishia. Soma polepole: nakala ipo, pa kuirudisha hapapo. Historia yote niliyoisimulia imo ndani ya hapo. Kuhifadhi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kurudisha, na hiyo nusu ndiyo watu hawafanyi.

Basi tufanye nini na laptopu zetu?

Kuna kanuni iliyopewa umaarufu na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine. Kwa lugha ya mtaani: moja kwenye laptopu, moja kwenye diski ya nje, moja kwa wingu au kwa shangazi Kinango. Diski ya nje ichomolewe ukimaliza. Kirusi kama WannaCry kikiikuta imechomekwa kinafunga yote mawili.

Kisha tenganisha vitu viwili vichwani mwako. Kuna faili zako, na kuna mfumo. Faili hazina mbadala, zinakuja kwanza. Mfumo unaweza kupatikana tena, ila kuuweka upya na programu zote kunakula siku nzima na bando.

Kwa mfumo: chukua flashi ya GB 16 au zaidi isiyo na kitu cha maana, utengeneze flashi ya uokozi kwa kutumia Recovery Drive iliyomo ndani ya Windows. Fanya wakati mashine ni nzima, usingoje iugue. Kwa picha ya diski nzima, kile kifaa kilichotoka na Windows 7 mwaka 2009 bado kimo kwenye Control Panel ya Windows 10. Au tumia Clonezilla kutoka Taiwan, ya bure, sura yake haivutii lakini inafanya kazi. Angalizo: kwa kawaida Clonezilla inataka diski unayorudishia isiwe ndogo kuliko ile ya mwanzo. Ukitoka kwenye HDD ya GB 500 kwenda SSD ya GB 256, hesabu hiyo ikukute mapema.

Angalia pia BitLocker, maana laptopu za maofisi mara nyingi huwa nayo. Kama imewashwa, andika ule ufunguo wenye tarakimu 48 kwenye karatasi. Bila huo, siku ya shida diski yako mwenyewe itakuona mwizi.

Na kama mashine yako imekataliwa na Windows 11, kuna mlango mwingine. Linux Mint toleo la Xfce inakimbia vizuri kwenye mashine za kizazi cha sita, na unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. eCitizen, KRA, HELB, zote ni kivinjari tu. LibreOffice ipo ndani. Na usidhani Linux ni kitu kigeni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kutoka ukoo ule ule uliozaa LibreOffice. Ubuntu yenyewe, ambayo Mint imejengwa juu yake, ilianzishwa mwaka huo huo na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na kwa miaka walituma CD za bure kwa posta popote duniani hadi 2011. Sitakudanganya: programu za Adobe haziji, na ukiwa mtu wa FL Studio utahangaika. Na Timeshift inayokuja na Mint inalinda mfumo, si faili zako. Historia ile ile ya System Restore.

Mwisho, jaribu kurudisha. Si lazima ufute mashine. Washa laptopu kutoka kwenye ile flashi uone kama inaamka. Fungua faili tano kutoka kwenye diski ya nje, za zamani na za juzi, uone kama zinafunguka. Chelezo ambacho hakijajaribiwa ni matumaini, na Pixar walikuwa na matumaini mengi sana.

Mimi niliacha chuo, sina cheti cha kompyuta cha kukuonyesha, na hakuna kitu hapa kinachohitaji cheti. Kinahitaji flashi moja, diski moja na jioni moja yenye umeme. Kizazi chetu ndicho cha kwanza huku Pwani ambacho picha zake, nyimbo zake, ushahidi wake na mapenzi yake yote yamo ndani ya mashine za mitumba. Wazee wa Riyadha walitunza karatasi mbele ya chumvi na mchwa. Sisi tuna kazi rahisi kuliko yao. Mchomoe beshte yako kwenye simu, mwambie alete laptopu, mfanye mbili kwa mpigo. Halafu kila mtu aende na diski ya mwenzake nyumbani. Hapo ndipo mna boya.